Chumvi Ile Haikuwa ya Suqin

Njooni karibu, wanangu. Huaiying, zima hiyo televisheni, maana leo sitaki sauti nyingine chumbani humu isipokuwa yangu, na yangu yenyewe mnaisikia ilivyobaki nyembamba. Huaisong, kaa hapo ninapokuona bila kugeuza shingo. Anhe, mjukuu wangu, panda hapa kitandani, usiogope huu mrija wa puani, hauumi. Na wewe Suqin, mkaza mwanangu, usisimame mlangoni na hilo taulo kama mtu wa kuajiriwa. Ingia, kaa kwenye kile kiti cha mwanzi pale dirishani. Najua kilikuwa cha Baba yenu, na najua hakuna aliyekikalia tangu afe. Ndiyo maana nasema ukikalie wewe. Bibi Pan, jirani yangu, ahsante kwa kupanda ngazi na magoti hayo. Nimekuita usiye wa damu yetu kwa sababu siku ile ulikuwepo, ukaona, ukasikia, ukashuka ukausimulia mji wetu mzima wa Honghu, na sikulaumu hata kidogo, kwa kuwa ulichosimulia ndicho nilichokisema mimi. Leo nitasema kingine, na hicho nacho ushuke nacho vilevile, usipunguze.

Msinikatize kwanza. Daktari anasema kifua hiki kimebakiza siku chache, hakutaja ngapi, lakini aliyefundisha hesabu shule ya msingi miaka thelathini na minne hahitaji kutajiwa. Na kwa miaka hiyo yote, mnajua, mtoto akinakili kwa mwenzake au akivunja kioo, nilikuwa na adhabu moja tu: namsimamisha mbele ya darasa aseme kwa kinywa chake, "Ni mimi niliyefanya." Watoto wa miaka saba waliweza. Walitetemeka, wengine wakajikojolea, lakini walisema. Mimi nimeshindwa kwa miaka minane.

Nianze na mali, maana ndiyo nyepesi. Nyumba hii tuliyopewa na kiwanda cha pampu, vyumba vitatu na jiko, ni ya Huaiying, kwa kuwa ndiye aliyenigeuza kitandani na kuniosha mwaka mzima bila kununa, au akinuna ananunia jikoni. Huaisong, wewe una kazi na una kwako. Usibishane na dada yako juu ya kuta. Vyombo vya jikoni vyote, karai la chuma la Baba yenu, kile kisu kipana, chungu cha udongo cha supu na ile mitungi ya achari barazani, ni vya Suqin. Unasemaje, Huaiying?

"Mama, karai nalo? Mimi ndiye ninayepika humu kila siku."

Najua, mwanangu, na najua unalipenda. Subiri nimalize, kisha kama bado utakuwa na la kusema utasema.

Baba yenu, Geng Shouting, alikuwa fundi wa kukereza vyuma, mtu ambaye ungeweza kukaa naye mchana kutwa usipate maneno kumi. Tulioana tukaishi miaka arobaini na sita, hakuniambia kwamba ananipenda, wala mimi sikumwambia. Sisi hatukulelewa na maneno hayo, yangetukwama kooni. Lakini alipika. Nilipokuwa na mimba yako, Huaisong, nikawa siwezi kula kitu, nilisema siku moja, tena kwa kunung'unika tu, kwamba labda ningeweza supu ya mbavu na mizizi ya yungiyungi, lakini ile ya ziwani yenye wanga, si hii migumu ya sokoni. Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili. Akapanda baiskeli, akaenda ziwani hadi kwa wachimbaji wa mizizi, akawakuta wamesimamisha kazi kwa baridi, akavua suruali akaingia kwenye tope mwenyewe. Alirudi midomo imebadilika rangi, mikono imepasuka, na mizizi minne kwenye kikapu. Akaichemsha tangu asubuhi mpaka alasiri, akaniwekea bakuli mezani, akasema, "Kula." Hilo ndilo neno alilosema siku hiyo. Kula.

Tukigombana, na tuligombana sana kwa kuwa mimi ndiye niliyegomba kwa niaba ya wote wawili, asubuhi yake nakuta bakuli la tambi, na yai la kukaanga amelificha chini kabisa, ili nilikute katikati ya kula wakati hasira imeshaanza kupoa. Samaki akiwa mezani, nyama ile laini ya mashavuni aliitoa kwa ncha ya vijiti akamwekea Huaiying upande mmoja na Huaisong upande wa pili, yeye akala kichwa kilichobaki na kusema anapenda mifupa. Mlikua mkiamini kwamba Baba yenu anapenda mifupa.

Na mimi je? Mimi nilikula huku nasahihisha madaftari, vijiti mkono mmoja na kalamu nyekundu mkono wa pili. Nikifungua mdomo, basi ni kusema, "Tangawizi imezidi leo," au, "Mchele una maji." Miaka arobaini na sita nimemsahihishia yule mtu chakula chake kama madaftari, na sikumbuki hata siku moja kumwandikia vema. Naona aibu. Na hiyo ndiyo aibu ndogo.

Akaja Suqin. Huaisong aliposema amempata msichana wa Gansu, nilimjibu kwa simu, "Gansu? Huko wanakokula ngano na vumbi? Samaki atamjua kweli?" Unakumbuka, Huaisong, ulicheka ukidhani natania. Sikuwa natania. Alipofika mara ya kwanza, akiwa na koti jekundu lililombana na mfuko wa tufaha zilizopondeka njiani, alinitazama usoni akasema, "Mama." Nilijua kwamba mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minane, mlikuwa mmeshaniambia. Nilisikia kabisa jinsi alivyolitamka lile neno, kama mtu aliyelihifadhi muda mrefu akakosa wa kumpa. Nikaitika, "Ee," kama ninavyomwitikia muuza mboga.

Sasa sikilizeni yaliyo mazito. Ule mwaka wa mambo yale, Baba yenu alipata homa mwezi wa tisa, akalala siku kumi, akainuka, akarudi jikoni. Huaisong alikuwa anajenga daraja mkoa mwingine, hivyo Suqin alikuja kukaa nasi na Anhe, aliyekuwa na miaka minne. Wiki ya pili nikaanza kuona vitu. Suqin haondoki jikoni. Yupo pembeni ya karai na kijiko, kila chungu anachovya, anaonja, ananong'ona na mzee, mzee anaongeza kitu, anaonja tena. Wakati mwingine nasikia mzee anacheka. Mzee Geng, anacheka! Mimi niko sebuleni na gazeti, mume ambaye kwangu alikuwa ukuta anazungumza na msichana wa ngano. Nikamwambia Bibi Pan kwenye ngazi, "Mkaza mwanangu ana tamaa kama paka, anakula vyunguni kabla wakubwa hatujaketi." Sivyo nilivyosema, Bibi Pan?

"Ulisema hivyo. Ukasema pia anajipendekeza."

Nilisema hivyo pia. Ahsante kwa kunikumbusha. Lakini niliyokuwa nayo moyoni si hasira ya adabu. Ulikuwa wivu. Najiambia mwenyewe, sema, Peilan, mbele ya darasa: ulikuwa wivu, wa mwanamke wa miaka sabini kasoro, kwa kuwa mumewe ana siri na mtu mwingine ndani ya jiko lake.

Ikafika siku ya kufunga mwaka, ambayo kwetu ukoo wote hurudi nyumbani kula pamoja. Chakula chetu ni cha mchana, mnajua. Kaka yangu Peiwen alikuwa anakuja na mkewe kutoka Wuhan, nilitaka kila kitu kiwe kama mstari ulionyooka. Asubuhi nikaingia jikoni, nikamkuta Suqin amenyanyua kijiko. Nikampokonya. Nikasema, "Toka. Nenda kavae vizuri upokee wageni. Na usikanyage jikoni mwangu mpaka nikuite." Akamtazama mzee. Baba yenu akafuta mikono, akasema kwa sauti ya chini, "Mwache anisaidie, Peilan." Nikamjibu, "Miaka yote hii umepika peke yako, leo umekuwa mtoto wa kushikwa mkono?" Akanitazama kama mtu anayetaka kukopa ujasiri. Kisha akageuka, akawasha moto.

Akapika peke yake vyakula kumi na viwili. Vibonge vya nyama vilivyovingirishwa kwenye mchele. Kambare wa kuungwa. Samaki wa mvuke, mzima, mbichi wa asubuhi ile. Na katikati ya meza, kwenye chungu cha udongo, supu ya mbavu na mizizi ya yungiyungi. Kaka Peiwen, kwa kuwa ndiye mkubwa, akapewa bakuli la kwanza. Akanywa. Akasimamisha kijiko hewani. Akameza kwa shida kama anameza kokoto, akanyoosha mkono kwenye chai. Mkewe akaonja, akatema kwenye leso. Nikaonja mimi. Haikuwa supu ile, ilikuwa maji ya bahari. Nikageukia samaki: chumvi. Nikageukia vibonge: havina kitu kabisa, kama karatasi.

Nikasimama. Ndiyo, nilisimama, kama darasani. Nikasema, "Nani aliyetia chumvi?"

Baba yenu alifungua mdomo. Niliona alivyofungua. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Na kabla sauti haijatoka, Suqin akainuka upande wa pili wa meza akasema, "Ni mimi, Mama. Niliingia ulipokuwa unabadilisha nguo. Nilionja nikaona haijakolea, nikaongeza. Nisamehe."

Mimi nikafurahi. Mmesikia? Nilifurahi, kwa kuwa nilikuwa nimeingojea. Nikamwambia mbele ya watu, mbele yako Bibi Pan uliyekuwa umesimama mlangoni, mbele ya mumewe aliyekuwa amefika usiku uliopita kwa treni, safari ya saa kumi na nane, mbele ya mtoto wake, "Nilijua tu. Kwenu mnakula kama ngamia, chumvi na vumbi. Lakini kosa si lako, kosa ni la aliyekulea. Na nani aliyekulea? Mtu aliyekua bila mama mezani ndivyo anavyokuwa." Kisha nikachukua bakuli lililokuwa mbele yake, lake, si la mwingine, nikalimwaga kwenye ndoo ya makombo.

Anhe alilia. Alisema, "Bibi, mimi naitaka supu ya Babu." Alikunywa ile supu, jamani, mtoto wa miaka minne, aliinywa akikunja uso ili babu yake asihuzunike. Yeye peke yake pale mezani, pamoja na mama yake, ndio waliojua namna ya kula chakula cha mtu anayekupenda.

Saa tisa alasiri mlikuwa mmeshabeba mabegi. Fataki zinalia nje, na mwanangu anashuka ngazi siku ya kufunga mwaka. Huaisong hakukanyaga hapa tena isipokuwa kuzika, mpaka juzi.

Baba yenu hakupika tena. Nilidhani amenuna, nikasema atachoka. Nikapika mimi, na mnajua ninavyopika. Alikula kila nilichoweka, akamaliza, akaosha bakuli lake. Mwezi wa pili, siku moja mchana, nilitengeneza supu ya kabichi na tofu, na kwa haraka zangu nikashika kopo la sukari badala ya la chumvi, tena vijiko vitatu. Nilipoonja nikataka kutapika. Nikamtazama. Alikuwa anakunywa, tulivu kabisa. Nikamuuliza, "Ikoje?" Akasema, "Nzuri. Imekolea."

Vijiti vikanidondoka.

Ndipo akanieleza, mzee yule, akiwa ameinamisha kichwa kama mwanafunzi. Tangu homa ile, ulimi na pua vilikuwa vimekufa. Hasikii chumvi, hasikii siki, hasikii hata kitu kikiungua. Suqin ndiye aliyegundua, siku alipomkuta anakunywa maziwa yaliyochacha. Mzee alimshika mkono akamsihi, "Mwanangu, usimwambie Mama yako. Akijua ataniondoa jikoni, na mimi nikiondolewa jikoni sina tena cha kumpa mtu." Ndiyo maneno yake. Suqin akawa ulimi wake. Kile nilichokiita tamaa ya paka kilikuwa ni hicho: "Bado, Baba. Bado kidogo. Sasa hivi, basi." Na mimi ndiye niliyemfukuza. Mzee akaachwa peke yake na makopo yake, anahesabu vijiko kwa kukumbuka, akachanganyikiwa, akatia mara mbili, mara tatu, huku vibonge akavisahau. Chumvi ile haikuwa ya Suqin. Haikuwa hata ya Geng. Ilikuwa yangu.

Acheni ninywe maji kidogo.

Huaisong, mbona umesimama? Sema kwa sauti, masikio yangu hayajafa.

"Suqin, ni kweli? Miaka yote hii? Mimi nimekuambia mara ngapi uandike barua ya kuomba radhi, nikakuambia ni chumvi tu, ukubali yaishe. Kwa nini hukuniambia?"

Mjibu, Suqin, usiogope.

"Nilimwahidi Baba. Na Baba alipokufa, nikaona nikisema nitakuwa namsema marehemu."

Umesikia, Huaisong? Kaa chini. Aibu yako ubebe wewe, nami nibebe yangu, maana yangu bado haijaisha.

Siku ile ya sukari Baba yenu alilia, sijawahi kumwona akilia, akaniomba kitu kimoja. "Mpigie Suqin simu. Mwambie unajua. Mwambie arudi nyumbani." Nikachukua simu, yeye amekaa kwenye hicho kiti cha mwanzi, ananitazama. Nikapiga. Suqin akapokea, akasema, "Mama? Mama, mmekula?" Baada ya yote yale, neno la kwanza lililomtoka lilikuwa hilo, kama tumekula. Nikamuuliza, "Anhe anavaa viatu namba ngapi siku hizi?" Akanitajia. Nikasema, "Haya," nikakata. Nikamgeukia mume wangu nikamwambia, "Nimeshamwambia. Amesamehe." Simu ilikuwa sikioni, hakuwa amesikia ya upande wa pili, na ya upande wangu akadhani ndivyo mimi ninavyoomba msamaha, kwa kuzungukia viatu. Alinijua sana, ndiyo maana aliamini.

Akachangamka. Akaanza kukausha samaki wa majira ya baridi kuwapelekea, akipima chumvi kwa mizani ndogo ya duka la dawa aliyoinunua, gramu kwa gramu, kwa kuwa hakuuamini tena mkono wake. Kila mwaka sanduku moja. Na kila mwaka ukikaribia kufungwa anaweka viti sita mezani, anauliza, "Mbona hawaji, Peilan, na alisamehe?" Nami nasema, "Kazi nyingi huko. Mwakani." Mwaka wa mwisho wa uhai wake alimpigia Suqin mwenyewe, akaweka simu kwenye kipaza sauti kwa kuwa masikio nayo yalikuwa yanaondoka. Nilikuwa hapa hapa nakunja nguo. Akauliza, "Mwanangu, Mama yako si alikwambia yale mambo? Si yaliisha?" Nikasimama na shati mkononi, nikasema sasa leo nimekwisha. Kisha Suqin akasema, "Ndiyo, Baba. Aliniambia. Yaliisha zamani. Samaki wako mtamu, Anhe hataki mwingine."

Akanibebea na huo. Uongo wangu, hata hajui umetoka wapi, akaupokea akaubeba, ili mzee alale. Na mzee akafa akiamini. Mnisamehe au msinisamehe, hilo ndilo lililonikausha kifua hiki, wala si baridi kama daktari anavyosema.

Kwenye mazishi, Suqin alipiga magoti mbele ya jeneza mpaka paji la uso likachubuka, na nyuma yangu nikasikia wanawake wa ghorofa ya chini, "Ndiye huyo wa chumvi. Ndiye aliyemtia mzee ugonjwa wa moyo." Nilisikia. Ningegeuka tu. Ningesema maneno matano. Nikarekebisha kitambaa cheupe kichwani nikatazama mbele. Kaka Peiwen naye ameshakufa. Amekwenda kaburini na hadithi yangu ya uongo, na huyo siwezi tena kumfuata nikamsahihishie.

Juzi Huaiying aliwapigia simu kuwa hali yangu mbaya, mkaja. Suqin aliweka begi, akanawa mikono, akaenda mpaka mlango wa jiko, akasimama pale, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, akaniuliza kwa sauti kutoka huko, "Mama, naruhusiwa kuingia?" Nilikuwa nimemwambia, "Mpaka nikuite." Mimi nilishasahau, yeye miaka minane amelishika. Nikasema, "Ingia." Neno dogo namna hiyo. Siku tatu hizi amenipikia uji wa mchele mwepesi, ameutoa utando wa juu kwa upawa ili nisikabwe, ananilisha na kunifuta kidevu, na kila kijiko kinaniingia kama moto. Ndipo nikasema waitwe wote.

Suqin, sikuombi unisamehe. Nikikuomba mbele ya watu utalazimika kusema ndiyo, nami nitakuwa nimekunyang'anya kitu kingine. Lakini kama una neno, liseme sasa, niko hai.

"Mama... chumvi si kitu. Watu wa ngazini si kitu. Ila ulivyomtaja mama yangu. Hilo, Mama, bado."

Ndiyo. Bado. Usilifute kwa ajili yangu. Mama yako jina lake nani? Mnaona, miaka kumi na tisa yuko katika ukoo wetu, sijawahi kumuuliza.

"Dou Guifang."

Dou Guifang. Alikuwa anapika nini?

"Tambi za kuvuta kwa mkono. Alikuwa ananiwekea kinyunya kidogo cha unga uliokandwa nivute na mimi. Nakumbuka hicho tu."

Basi Dou Guifang alikulea, kwa miaka minane, akakulea kuliko mimi nilivyolea mtu yeyote kwa karibu themanini. Mimi Xiang Peilan nilisema uongo juu yake mezani kwangu, na leo naurudisha. Huaisong, safari hii siku ya kufagia makaburi, kabla ya kaburi langu, nenda Gansu ukafagie la mama mkwe wako, upige magoti, uende na Anhe amjue bibi yake. Mimi nitangoja, siendi popote.

Na haya mengine myashike, maana sauti inaniponyoka. Siku ya kunizika, kabla watu hawajala, Huaisong usimame usome haya niliyoyasema, yote, na wanawake wa ghorofa ya chini wawepo. Usipambe. Usiseme Mama alikuwa mwalimu mwema. Siku hiyo Suqin asibebe hata sahani; akae meza ya kwanza, upande wa familia, ahudumiwe. Huaiying... karai. Umeelewa sasa? Unalia nini, alichukue Suqin, na wewe uende kwake ukapikiwe. Msiachane, nyinyi wawili.

Na chakula... mtu akikuwekea chakula mbele yako, weka kalamu chini. Mtazame. Mwambie ni kitamu, hata kama... mwambie. Msije mkawa kama mimi, ninayemwambia mtu asiyekuwepo. Geng, supu ile ilikuwa tamu. Ile ya tope. Sikuwahi... ilikuwa tamu sana.

Anhe, usinishike hivyo, nakohoa. Ukue. Upate watu wa kula nao. Wote, mbarikiwe, mikono yenu na vinywa vyenu, na meza zenu zisipungue mtu kwa ajili ya... kwa ajili ya kiburi. Huaisong mwanangu. Huaiying mwanangu. Suqin... mwanangu.

Saa sita hiyo. Nasikia sufuria ya mtu inatokota huko. Nendeni mkale, mle pamoja, Bibi Pan kaa nao. Mimi sina njaa. Msifunge mlango... uacheni wazi. Nataka kusikia tu... mnavyokula.